Machozi ya Kwanza Hayarudiwi

Walter Simarmata hufua mashuka ya hospitali Maplewood, Marekani, na kulala Richfield, chini ya ndege zinazotua. Alizaliwa Indonesia, kando ya ziwa Toba. Alimwoa Goretti, Mkongo wa Uvira, na Kiswahili alikiokota kwenye kwaya ya kanisa la mkewe, ambako wenzake humwita Mchina wa Uvira. Hucheka nao.

Mambo ya mama yake hayakumchekesha. Baba yake alipofariki, Walter hakuwa na karatasi za kumruhusu kutoka Marekani na kurudi, hivyo hakwenda kuzika. Kwao, mtoto wa kiume asiyesema na maiti ya mzazi wake kabla jeneza halijafunikwa ni kama hakuzaliwa. Mama akaacha kupokea simu zake. Dada yake, Rosinta, akafuata.

Mwaka jana kituo kimoja cha televisheni cha Jakarta kikamtafuta. Indonesia ina waandishi wa habari waliokwenda jela kwa kusema kweli. Ina pia wakubwa wa televisheni ambao kila asubuhi, kabla ya chai, husoma idadi ya watazamaji, na hakuna kinachoipandisha kama mtu anayelia. Kituo kile kilikuwa na kipindi cha kupatanisha ndugu waliotengana, moja kwa moja hewani. Mtayarishaji wake, Bibi Laras, alimpigia Walter kumwambia kwamba mama amekubali kusema naye.

"Ila usizungumze na mtu wa nyumbani mpaka siku ya kipindi, Kaka. Machozi ya kwanza hayarudiwi."

Walter akaahidi. Kipindi kilipokaribia, Rosinta akaanza kupiga simu.

"Papa Shekinah, kamata simu!" alisema Goretti, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Dada yako hajawahi kukupigia tangu tuoane, leo anapiga tangu asubuhi. Hiyo ni ya bure?"

"Nikikamata watakifuta kipindi. Mama hatakubali mara ya pili."

"Kwani televisheni ndiyo ilikuzaa?"

Walter aliilaza simu kifudifudi mezani. Ikaendelea kutetemeka.

Jioni ya kipindi, asubuhi ya Jakarta, alivaa suti ya harusi yake. Goretti aliinua kompyuta juu ya sufuria ili kamera imfikie usoni. Mtangazaji alikuwa na gauni la waridi.

"Uko tayari kumwona Mama?"

"Niko tayari."

Picha ikahamia sebuleni kwa mama yake. Wanawake wamekaa chini. Katikati, jeneza wazi.

Rosinta alishika maikrofoni aliyopewa. "Mama alikuita mpaka sauti ikamwisha. Nilikupigia. Ulikuwa wapi?"

Walter alilia hadi majirani wakagonga mlango.

Baadaye Laras alimpigia. "Pole sana, Kaka. Kilio kilikuwa kizuri, ila sauti ilikatika. Tunaomba ulie tena kesho, wakati wa kuzika."

"Mlijua?"

"Tangu jana. Tungekwambia, ungekuja umeshalia."

Walter alimpigia Rosinta. Dada alikuwa amemfungia namba. Ndugu wengine wote wakafanya vivyo hivyo.

"Usirudi kwa mbwa hawa," alisema Goretti.

"Nitasemaje na Mama, basi?"

Alirudi kwa sharti moja: simu iwekwe sikioni mwa mama kabla ya kifuniko. Laras akakubali upesi. Jioni iliyofuata Walter alivaa suti ileile, akaona mkono ukiishusha simu ndani ya jeneza.

"Inang," alisema, yaani mama, na machozi yakatangulia. "Ni mimi, Walter. Wakati wa baba sikuja kwa sababu…"

"Watazamaji, msiende popote," akasema mtangazaji kwa upole.

Likaingia tangazo la tambi. Watoto walicheka, bakuli likafuka moshi. Walter aliendelea kusema kwa lugha ya kwao, mikono juu ya magoti, akiamini kwamba upande wa pili bado anasikika. Yote aliliambia lile bakuli.

Picha iliporudi, wanaume walikuwa wanapigilia misumari, na simu ilikuwa mkononi mwa fundi mitambo.

Sauti ya Laras ikamjia sikioni. "Asante, Kaka. Safari hii kilio kimetoka safi."