Diski Iliyonunuliwa Siku ya Sabato

Leo ni Jumapili, mwaka wa kumi na nane tangu mimi na mke wangu tufukuzwe shambani kwetu.

Jana nilidhani nimempoteza mara ya pili.

Picha zote za kule, pamoja na ile moja ya marehemu mke wangu akiwa amesimama mlangoni petu, ziko kwenye diski ya kompyuta ambayo wiki hii imeanza kutoa mlio wa kugonga. Inakufa.

Jana asubuhi, kwenye kikundi chetu cha kupashana habari za diski za bei nafuu, mtu alitangaza moja iliyobaki katika duka fulani hapa Keroka.

Lakini ilikuwa Sabato. Sinunui, wala simtumi mtu.

(Ndiyo, nilichungulia simu kabla ya ibada. Mnisamehe.)

Jua lilipozama nikapiga simu dukani.

"Imeshachukuliwa, mzee."

Leo akabisha hodi Kemunto, fundi wa kompyuta kutoka Birongo, Mkatoliki, mwenzetu kikundini.

"Omogaka, mzee wangu, ninyi Wasabato, mbingu ikiuzwa Jumamosi mtaikosa!"

Akanikabidhi diski ile ile; kumbe ni yeye aliyeinunua jana.

"Sikukutuma," nikamwambia.

"Ndiyo maana huna dhambi."

Wasabato wenzangu, semeni kama nilikosea kuipokea.

Tulinakili picha zote. Ile ya mlangoni ilisumbua, kisha ikafunguka. Kemunto aliitazama kwa muda.

"Utarudi lini kule, baba?"

Nilimwonyesha kaburi la mke wangu, pale nje karibu na migomba.

Sitarudi.