Paa Lililorudishwa Kabla ya Picha

Kazi yangu ni kutazama mapaa ya watu kutoka juu. Nikisema hivyo kwenye sherehe, wajomba hucheka na kuniuliza kama nawaona wakioga uani. Siwaoni. Kutoka kwenye kiti changu ofisini, hapa Kihesa, nyumba yako ni kidoa cha mstatili kwenye skrini, na wewe mwenyewe hata kivuli huna. Naangalia kidoa hicho kwenye picha ya kabla ya upepo, kisha kwenye picha ya baada. Kama paa lilikuwepo na sasa halipo, nakipaka rangi nyekundu. Kama lipo, nakipaka kijani. Basi. Mama husema nilisoma miaka minne chuoni ili nije kupaka rangi, na siku hizi sibishani naye.

Nianze na kosa langu, maana lipo. Kanuni iliyotuponza niliiandika mimi. Shirika letu hukusanya taarifa za maafa ya upepo katika nyanda hizi za juu na uwanda wa Usangu, na wafadhili hutoa bati na mbao kwa walioezuliwa nyumba zao. Zamani orodha zilitoka kwa wenyeviti wa vitongoji. Nimezisoma mpaka macho yakauma. Kuna mwenyekiti aliandika banda lake la mbuzi kuwa kaya ya watu sita. Mwingine aliandika marehemu wawili, na mmoja wao alikuwa ameweka sahihi. Nilichukia. Nikakaa, nikaandika ukurasa mmoja, nikampelekea bosi: tangu sasa kisichoonekana kwenye picha ya setelaiti kisiingie kwenye orodha. Setelaiti haina shemeji, niliandika. Bosi aliipenda sentensi hiyo, akaisoma kikaoni, na mimi nikajiona mjanja sana.

Machi upepo ukapiga kitongoji cha mama. Anakaa uwandani, mwendo wa pikipiki kutoka Rujewa, katikati ya majaruba ya mpunga. Ni Mhehe aliyeolewa huko, akazeekea huko, na baba tulimzika huko. Kisulisuli cha kiangazi tunakijua tangu utoto, kile kinachozunguka na vumbi na vifuko vya plastiki, kisha kinachoka chenyewe. Safari hii haikuwa hivyo. Mama alisema wingu lilishuka likiwa na mkia, mkia ukagusa majaruba, maji yakapanda juu pamoja na mpunga wake, na kilichofuata hakukiona kwa sababu alikuwa chini ya kitanda anasali. Ulipopita, upande wao wa mfereji hapakuwa na nyumba hata moja yenye paa.

"Kamwene, mama," alianza kwenye simu, kana kwamba amepiga kunisalimia tu. Mimi ni bintiye, lakini ameniita mama tangu nizaliwe. "Upepo umetuezua. Wote. Tuko wazima, ila tukilala tunaangalia mbingu."

Ijumaa nikanunua misumari ya bati, nikapanda basi la kwenda Mbeya, nikashuka barabara kuu na kumalizia kwa pikipiki. Nilitegemea kukuta watu wamekaa wanalia. Nikakuta watu wako ndani ya maji hadi magotini, wanaokota bati kwenye majaruba. Kila mtu anazijua zake: huyu kwa kutu, huyu kwa rangi, huyu kwa jina alilochora na msumari. Bati la mtu mwingine ukiliokota unalisimamisha kando ya mfereji, mwenyewe atalikuta. Hakuna aliyeibiwa bati hata moja, nami nalisema hili kwa fahari, maana mjini hata ndoo ya maji huiachi nje usiku.

Huko kwetu paa haliachwi wazi. Nyumba iliyo wazi ni kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Unamfunika kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo Jumamosi yote ilikuwa msaragambo. Vijana juu ya ngazi, akina mama kwenye masufuria, na mimi nikapewa jiwe, nyundo na rundo la misumari iliyopinda niinyooshe, kwa sababu niliyoleta iliisha kwenye nyumba ya tatu. Mama alikuwa akipita na kanga kiunoni akihimiza watu, na mimi nikimsaidia kupaza sauti: haraka jamani, mvua hiyo, haraka! Jumapili baada ya ibada tukamalizia. Kanisa liliezekwa la mwisho kabisa. Mama alisema Mungu hapati mafua.

Lakini ni paa gani lile? Ukisimama sebuleni kwa mama na kutazama juu, ulikuwa unaona mwanga kwenye matundu ya misumari ya zamani kama uko ndani ya chujio la chai. Kenchi mbili za mbao zinazoshika bati zilikuwa zimepasuka, tukazifunga kwa waya. Ukuta wa nyuma, ambao ni wa matofali mabichi, ulikuwa umenyonya maji na kupata ufa kutoka juu hadi dirishani. Kila mtu alijua kwamba tumefunika tu, na kwamba upepo mwingine ukija hautahitaji nguvu nyingi. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, kuna bati mpya na mbao zinakuja kwa walioezuliwa, na wanaotengeneza orodha ni sisi.

Jumatatu nikarudi kazini na mikono ina malengelenge. Jumanne tukaanza kutafuta picha ya uwanda ule, tukakuta mawingu. Jumatano mawingu. Setelaiti inapita juu kila siku, lakini Machi kule chini kuna blanketi jeupe, na unachoona kwenye skrini ni maziwa matupu. Nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi kabla hata sijavua koti, nakuta maziwa, nafunga. Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, anga likafunguka kwa saa chache na picha ikaja safi kabisa, kila mfereji unaonekana, kila njia ya ng'ombe.

Na mapaa yote yalikuwepo.

Nilikaa nikiitazama picha ile muda mrefu. Bati zilikuwa zinang'aa kwa sababu mvua ilikuwa imeziosha. Kutoka juu huoni msumari ulionyooshwa kwenye jiwe wala waya kwenye kenchi. Unaona mstatili uko mahali pake, kama ulivyokuwa kwenye picha ya kabla, pikseli kwa pikseli. Kazi ya mikono yetu ya siku mbili ilikuwa imefuta maafa yote. Katika eneo zima programu yetu ya kulinganisha picha ilipata nyumba moja tu iliyopoteza paa, nayo ilikuwa kijiji cha jirani, upande ambao upepo haukufika. Nilipiga simu kuuliza. Ni nyumba ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa ameshusha bati zake mwenyewe ili aezeke zile za rangi.

Nilikwenda kwa bosi nikiwa nimeshika simu yangu yenye picha za Jumamosi ile.

"Bosi, hawa watu waliezuliwa. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wewe, dada. Setelaiti haikuwepo."

Nikamwonyesha picha: bati kwenye maji, nyumba wazi, watu juu ya ngazi. Aliziangalia zote, sitamsingizia. Kisha akauliza, "Hii nyumba ya nani?"

"Ya mama yangu."

Akaniwekea simu mezani taratibu. "Unaona sasa?" Akavuta droo, akatoa ukurasa wangu, ule ule, akanigeuzia. "Mstari wa pili soma kwa sauti."

Sikusoma. Nilijua kilichoandikwa. Nilimwambia basi twende wenyewe, ni safari ya siku moja, tukague nyumba kwa nyumba. Akasema tukikagua huku lazima tukague kote, na magari hayapo, na mfadhili alitupa fedha kwa sababu ya utaratibu wa picha, kwa hiyo tukianza kuweka watu kwa maneno tumerudi kwenye banda la mbuzi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa akinionea. Alikuwa ananijibu kwa hoja zangu, na alizipanga vizuri kuliko nilivyozipanga mimi.

Nikarudi kwenye kiti changu nikaanza kupaka. Kijani, kijani, kijani. Nilipofika kwenye kidoa cha mama nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikakipaka. Ningeweza kukipaka chekundu, nani angejua? Lakini kingekuwa kimoja tu, kati ya vyote vya kitongoji kile, na kila mtu angejua ni cha mama wa nani.

Nikampigia. Nilimweleza polepole, kwa mifano, kama ninavyoeleza wageni ofisini, pamoja na habari ya mwenye mashine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa letu ni kuezeka," alisema.

"Si kosa, mama. Ni kwamba picha ilichelewa."

"Picha ilichelewa, sisi tukawahi. Anayekosa bati ni nani?"

Nikaanza kumweleza tena habari ya mawingu, akanikatiza.

"Na huyo mwenye mashine?"

"Ameandikwa."

Alicheka, kicheko kifupi. "Haya, mama. Salimia huko."

Bati za yule mwenye mashine zilifika kweli, kwenye lori, na watu wa kitongoji cha mama wakasimama kando ya barabara wakiangalia zinapita. Aliyeandikwa alishangaa kuliko wote. Aliezekea stoo. Mimi niliandika ukurasa mwingine, mrefu kuliko wa kwanza, nikipendekeza kwamba picha ikichelewa zaidi ya siku tatu lazima mtu aende akaulize. Bosi alisema ni wazo zuri na litaingia kwenye mzunguko ujao. Nikauliza mzunguko ujao ni lini. Akasema ndiyo maana unaitwa ujao. Ofisi nzima ikacheka, na mimi nilitamani kumrushia kikombe.

Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, na ule ukurasa wangu wa pili ukabaki mahali ulipokuwa. Nilipokwenda kumtembelea mama Oktoba nilikuta ameweka mawe juu ya bati na ufa wa ukuta ameukandika kwa udongo. Hakunilaumu. Hata watu waliokuwa wakinitania zamani kuhusu kuchungulia wanaooga hawakunitania. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mpole ambaye hajawahi kuandika marehemu wala mbuzi, alinikaribisha kiti na kuniuliza mambo mengi kuhusu setelaiti: inapita saa ngapi, inaona nini, mti unaiziba, turubai linaiziba? Nilimjibu yote. Nilifurahi kwamba kuna mtu hatimaye anataka kuelewa kazi yangu.

Januari upepo ukarudi. Haukuwa na mkia, ulikuwa upepo wa kawaida wa mvua, ule ambao nyumba imara ingeuvumilia. Nilipata habari kwa ujumbe wa simu nikiwa kazini, nikampigia mama papo hapo. Alipopokea nilisikia mvua kwa karibu mno.

"Limetoka?"

"Limetoka lote. Na ukuta wa nyuma umekaa chini."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi! Mmefika wapi kurudisha?"

"Hatujarudisha."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Bati hazijapatikana?"

"Zipo, zimepangwa kando ya mfereji. Mwenyekiti amepita kila nyumba. Asiguse mtu." Alikohoa, kikohozi cha kifuani, akavuta pumzi. "Tunasubiri mpige picha."

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Chumbani. Pembeni hapa."

"Umejifunika turubai?"

"Turubai tumekunja. Si ulimwambia mwenyekiti linaziba?"

Nilisimama. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu wenzangu waligeuka. Nikamwambia aezeke, aezeke leo, aite vijana, mimi nakuja na misumari, aachane na picha, mimi ndiye nasema. Alinisubiri nimalize, kama alivyonisubiri mwaka jana.

"Mara ile ulikuja ukatuhimiza tuharakishe, tukaharakisha," alisema. "Ukaenda ukatuandika wazima. Sikulaumu, ndiyo kazi yako. Tukiezeka leo utatuandika nini?"

Kijani. 

"Basi tutavumilia. Tuko wengi, si mimi peke yangu. Wewe tuambie tu, huko juu panaonekana?"

Nikageukia skrini. Picha ya asubuhi ilikuwa imeshafunguka. Kutoka Igawa, kwenye barabara kuu, hadi chini ya milima, yote ilikuwa nyeupe, hakuna mfereji, hakuna mto, na utabiri uliokuwa kando yake ulionyesha nyeupe hiyo hiyo wiki nzima.

"Mama, kuna mawingu."

"Najua kuna mawingu," alisema. "Yananinyeshea."