Kilio Ambacho Sikulia

Mara ya kwanza nilidhani ninakufa. Nilikuwa mbele ya darasa, chaki mkononi, nikiwaandikia wanafunzi hesabu rahisi, ya aina ninayoweza kuifanya huku nikiwaza mboga ya jioni. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, ubao ukasogea mbali, hewa ikakataa kuingia. Nikakaa chini palepale sakafuni. Walimu wenzangu wakanibeba hadi kituo cha afya.

Muuguzi alinipima malaria, akanipima tifoidi, akanisikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Maman, hauna kitu," akasema. "Roho yako iko muzuri. Pengine ni kuchoka tu. Uende upumuzike."

Nilipumzika. Baada ya siku chache ikanijia tena, safari hii jikoni, nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Halafu kanisani, katikati ya misa. Halafu ikaacha kuchagua mahali.

Watu huniuliza kama ni vita. Ninajua kwa nini wanauliza. Huku kwetu kila mtu ana sababu yake ya kuogopa. Lakini asubuhi ile risasi ziliposikika mjini, na majirani zetu wa mtaa wa Muhumba wakaingia chini ya vitanda, mimi ndiye niliyekuwa mtulivu. Nilijaza ndoo maji, nikawalaza watoto ukumbini mbali na madirisha, nikakaa nao. Mume wangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Woga wangu haukuja siku ile. Ulirudi majuma mengi baadaye, njia zikiwa zimetulia, nikiwa sokoni nimeinama nachagua nyanya.

Nikaanza kuyapanga maisha yangu kuuzunguka. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Niliacha kupanda mashua ya kwenda Goma kumwona dada yangu. Ndani ya teksi nilitaka kukaa dirishani, na kama dirisha lina mtu nilitembea kwa miguu, hata kwenye matope. Wanawake wa kundi la maombi walikuja nyumbani wakaniwekea mikono kichwani, wakafukuza kila walichoweza kukifukuza. Niliwashukuru, nikawapa chai. Kesho yake nilikuwa vilevile.

Mume wangu hutengeneza redio na simu, na si mtu wa maneno. Siku moja aliweka vyombo vyake chini akasema, "Twende tuone muganga wa mambo ya kichwa."

"Mimi siko mwenda-wazimu."

"Sijasema hivyo. Nimesema twende."

Tulienda. Daktari alikuwa mwanamume wa umri wangu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Hii ni maladi, ni ugonjwa kama zingine, maman," akasema. "Mwili yako inakimbia kama vile imbwa inakufukuza, na imbwa haiko. Tutakupa dawa. Tena nitakufundisha kupumua."

Nilimwambia kupumua nilishajifunza siku niliyozaliwa. Hakucheka. Alinifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile niliyoivuta, na kuloweka mikono kwenye maji baridi woga unapoanza kupanda. Na kila asubuhi, kidonge pamoja na chai.

Dawa ilifanya kazi. Nilirudi darasani, nikarudi benchi la katikati. Ila woga haukuondoka peke yake. Mwanafunzi alisema kichekesho, darasa zima likaangua kicheko, nami nikajua kwamba kinachekesha, kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi ya mbali. Binti yangu alikuwa wa kwanza darasani kwake. Nilimwambia, "Vizuri." Alisimama kidogo akingoja, kisha akatoka nje. Sikuumia. Nasema hivyo si kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine.

Katika hali hiyo baba yangu akafa.

Alikuwa mkulima wa Nyantende, mjane, mtu wa maharagwe na ndizi. Aliposikia naumwa, alikuja mjini kwa miguu na kapu la maparachichi, akakaa nami sebuleni bila kuniuliza kitu. Alipokuwa akiondoka ndipo aliposema, "Mimi pia niko mwoga. Ziwa. Nimezaliwa karibu yake na sijawahi kupanda mutumbwi. Mama yako tu ndiye alijua." Akavaa kofia yake akaenda.

Kwenye kilio chake nilibeba viti, nikakata majani ya migomba, nikapima mchele. Wanawake waliingia wakilia tangu njiani, wakaniangukia mabegani. Niliwashika, nikawapigapiga mgongo, nikiwa mkavu. Niliona wanavyonitazama. Mke wa kaka yangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Angalieni mutoto wa marehemu! Macho kavu kama mugeni. Kusoma ndio kunafanya mutu asilie baba yake?"

Mume wangu alisimama upande wa wanaume. "Ni mugonjwa," akasema. "Anakunywa dawa ya kichwa. Mumuache."

Sasa kilima chote cha Nyantende kilijua. Niliingoja aibu ije, ikaja ndogo, kama sauti ya redio kutoka nyumba ya tatu.

Shangazi yangu, dada wa baba, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, penye vyungu. Naye alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Unalia ndani?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Hata ndani silii."

Alinitazama sana. Nilidhani ataanza kuomba. Akanipa mwiko.

"Basi ukoroge. Watu watakula, na hii maharagi inataka kuungua."

Nilikoroga mpaka tulipoitwa kwenda kaburini. Nilipotupa udongo, niliusikia ukigonga sanduku. Nikawaza kwamba umelowa vizuri, ni wakati wa kupanda. Hilo tu ndilo nililowaza.

Niliporudi kwa daktari nilimweleza. "Nimemzika baba kama mtu anayemsindikiza mgeni njiani," nikasema. "Nataka tupunguze dawa."

"Tukipunguza, woga inaweza kurudi."

"Irudi kidogo."

Alikubali, kwa sharti kwamba nisipunguze mwenyewe nyumbani, na niwe namwona mara kwa mara. Tukaenda polepole. Woga ukarudi, si kama zamani, lakini ukarudi. Asubuhi nyingine kikombe kinagonga sahani mkononi mwangu. Ninaloweka mikono, natoa pumzi, naenda kazini. Siku moja mwanafunzi alinipa jibu la ajabu kiasi kwamba nilicheka kwa sauti, na darasa zima likanyamaza kwa mshangao. Nilimfokea mume wangu kwa kuleta viatu vya matope ndani, naye akasimama mlangoni anatabasamu, anafokewa. Machozi ya baba hayajaja. Pengine hayatakuja. Nimeacha kuyangoja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyantende kumsaidia shangazi kupalilia. Alinionyesha mistari ya kwangu na mistari ya kwake. Mchana nilipanda pikipiki kurudi mjini. Kwenye mteremko moyo ukaanza.

"Simama, papa," nikamwambia dereva.

Alikuwa mtu mzima, mvi zimejaa kidevuni. Akasimama pembeni. "Maman, unaumwa?"

Siku zote mimi husema ni tumbo. Tumbo halina maswali.

"Niko na ugonjwa ya woga," nikasema. "Inanishika, kisha inapita."

Alinitazama, akatazama njia, akazima pikipiki.

"Inakawia sana?"

"Hapana sana."

"Basi tungoje."

Nilichuchumaa kando ya njia, mikono juu ya majani yaliyokuwa bado na maji. Yeye alitoa kitambaa akaanza kufuta taa ya mbele. Malori mawili yakapita. Kisha nikasimama, nikapangusa sketi, nikamwambia twende.