Debe la Mchele Chini ya Ngazi

Kila siku alasiri, mvua ikiwa imejikalia juu ya mtaa wa Stechford, Birmingham, kama mgeni asiyejua kuaga, Bi Kijakazi huingia stoo. Stoo yenyewe ni kijichumba cha chini ya ngazi, mahali ambapo majirani zake huweka mafagio na viatu vya mvua. Yeye ameweka chakula cha miezi mitatu. Huketi juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, akaurudisha mlango ukabaki uwazi wa kidole kimoja, akavuta harufu ya karafuu, dengu na magunia, na hapo tena usingizi humjia taratibu. Treni hupita upande wa stesheni, makopo yakatetemeka kidogo kwenye rafu, kisha yakatulia. Ukimwuliza kama alikuwa amelala, atakwambia alikuwa akihesabu sukari.

Humo ndimo marehemu mumewe, Vuai, alimokuwa akimjia. Alimjia na koti lake la manjano la kazini, akipitisha kidole juu ya makopo na kuzisoma tarehe zake kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta uradi. Kijakazi humwuliza neno moja tu, lile lile kila siku: "Umekula, Baba Aida?" Vuai hucheka, wala hajibu. Akizinduka, mwanamke huyu wa miaka sitini na nane huwa na machozi yaliyokwisha kukauka kwenye shavu, asijue yalitoka saa ngapi.

Vuai alifanya kazi miaka kumi na tisa katika ghala la vyakula. Alizijua nafaka kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira. Chumvi, sukari na asali, alikuwa akisema, hivyo vitatukuta vizima siku ya kiyama. Mchele mweupe ukiukausha vyema na kuuziba usipate hewa, hata miaka thelathini. Maharage hayaozi upesi, ila yakizeeka yanakuwa wakaidi, utayachemsha asubuhi mpaka jioni nayo yanakutazama tu. Samaki wa kopo miaka mitano, na zaidi. Nyanya za kopo mwaka mmoja na nusu, kwa ule ukali wake. Tarehe iliyopigwa muhuri mara nyingi inakwambia habari ya ladha, si ya sumu. Lakini kopo likivimba, litupe, usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Na chenye mafuta ndani yake hakina maisha: karanga, unga wa dona, na ule mchele usiokobolewa, wa kahawia, ambao miezi sita ukizidi huanza kunuka.

Kijakazi aliyashika yote hayo. Alikulia Unguja miaka ile ya foleni za chakula, akamwona mama yake akirudi na kikapu kitupu kama alivyokwenda nacho, akaapa kuwa nyumba yake haitalala hivyo. Kila mwezi wa Shaabani huitoa stoo nzima mpaka sebuleni, akaifuta, akavirudisha vitu vyake: cha zamani mbele, kipya nyuma. Juu ya kila chombo huandika mwezi na mwaka wa Kiislamu kwa kalamu nene, na binti yake Aida, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham, akaona ni hirizi.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa. Kule ndani kabisa, ngazi inapokutana na sakafu, lilikaa debe la samli la kutoka maduka ya Soho Road, limezibwa kwa nta ya mishumaa na utepe mpana wa ghalani. Vuai alilijaza mwenyewe, akaliziba mwenyewe, akaliandika: Shaabani 1441. Zilikuwa zile wiki za mwanzo za korona, watu wakigombea mchele na karatasi za chooni madukani. Kijakazi aliporudi siku hiyo alilikuta tayari limeingizwa kutoka kibanda cha nyuma.

"Mchele huu ni wa siku ya dhiki," Vuai alimwambia. "Dhiki ya kweli. Kabla ya hapo, Mama Aida, tafadhali, hili usilifungue."

Wiki tatu baadaye alikuwa hospitali, na wiki ya nne walimzika. Watu sita makaburini, wamevaa barakoa, wamesimama mbalimbali kama waliogombana. Unguja walitazama kwa simu. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na hitima, hakukuwa na mtu wa kuingia mlangoni akala tonge na kumwombea maiti. Charity, jirani yake Mkenya, nesi, aliweka sufuria ya ndengu kizingitini, akarudi nyuma hatua tano na kulia akiwa barabarani. Dhiki ya kweli ilikuwa imefika, akiba ilikuwapo, na walaji ndio waliokosekana. Kijakazi hakuifungua.

Tena alikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Miezi sita kabla ya kufa, Vuai aliambiwa ana sukari. Akaamriwa mchele wa kahawia. Mwanamume aliyekula wali mweupe tangu kuota meno, Kijakazi akawa anampimia kila asubuhi kikombe kimoja cha ule mchele wa kahawia, ajipikie akitoka zamu, kwani yeye mwenyewe saa hizo yuko kazini, jikoni mwa skuli. Vuai aliukunjia uso siku ya kwanza. "Huu ni chakula cha kuku," alisema. Kijakazi akamjia juu, na maneno aliyosema siku ile alikuwa bado anayakumbuka, yote. Baada ya hapo Vuai hakulalamika tena. Jioni sufuria ilikutwa imeoshwa, imefunikwa. Na hilo ndilo lililomtafuna Kijakazi miaka sita: kwamba mumewe aliondoka duniani na ladha ya makapi mdomoni, na mpimaji ni yeye.

Sasa nyumba inaondoka. Nyonga za Kijakazi zimezikataa ngazi, na Aida amempatia fleti Edgbaston, karibu na kwake, chini, yenye kabati la jikoni ambalo mkungu wa ndizi hauingii. Shaabani hii vitu vikitoka stoo havirudi. Kijakazi aliposikia hivyo hakubisha. Alisema jambo moja tu.

"Kabla sijatoka hapa nitamsomea baba yako hitima. Na watu watakula mchele wake."

Aida alisimama mlangoni mwa stoo na mfuko mweusi wa taka mkononi. "Mama, please. Hilo debe halina hata date. We can't feed people six-year-old rice."

"Date hiyo hapo. Shaabani."

"Shaabani ya lini?"

"Mchele mweupe, ukizibwa, miaka thelathini. Kamwulize baba yako." Akajua alilolisema. "Huu una sita tu, mwanangu. Bado mtoto."

Aida aliuweka chini ule mfuko. Alikuwa akimpenda mama yake, na alikuwa akimwogopa zaidi anapozungumza taratibu.

Watu arubaini walialikwa Jumapili. Ijumaa, Charity alikuja kusaidia, maana hakuna mwenye mgongo wa kuinua debe kama nesi. Waliliburuta mpaka katikati ya sebule, palipokuwa na mwanga wa dirisha. Kabla ya kulifungua, Kijakazi aliketi mbele yake juu ya mbuzi. Utepe ukitoka na ndani mna funza, basi Vuai hatakuwa na hitima ya mkono wake, na lile debe, kitu pekee alichowaachia watu wakile, litaishia jaani. Aliogopa hivyo hasa. Akapiga bismillahi, akaikwangua nta kwa kisu.

Mchele ulikuwa mweupe. Mweupe, mkavu, punje ndefu, umetulia kama uliomwagwa jana. Kijakazi alitia kiganja akauinua, ukamtiririka baina ya vidole, na kwa muda fulani sebule ilimpotea, akamwona Vuai mlangoni na koti la manjano, anatazama pembeni kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Akiba haiozi," Kijakazi akasema. "Umeona, Aida?"

Lakini Charity alikuwa amekunja pua. "Mama Aida, hebu ngoja. Hii kitu inanuka. Inanuka kama mafuta ya mandazi ya wiki jana."

"Ni debe. Lilikuwa la samli."

"Hapana, si debe. Ingiza mkono chini kabisa."

Kijakazi akaingiza mkono. Kiganja kikapita, kifundo kikapita, na punje zikabadilika: zikawa fupi, nene, zina utelezi. Alipoutoa, mkononi mlikuwa na mchele wa kahawia. Harufu ilipanda ikajaa sebule, chungu, nzito, harufu ya kitu chenye mafuta kilichofungiwa kwa muda mrefu. Akachota tena, zaidi chini. Kahawia. Akainamisha debe, mchele ukamwagika juu ya zulia: weupe ulikuwa kifuniko tu, kina cha kiganja kimoja, na chini yake kote, mpaka kitako, ulikuwa ule wa sukari, wa daktari, wa kikombe kimoja kila asubuhi.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya Vuai ilichukua miaka sita.

"He hid it," Aida akanong'ona. "Mama. Baba hakuula hata siku moja."

Kijakazi alianza kwa hasira, tusimfanye malaika. Alisema mambo ambayo hayasemwi juu ya maiti siku mbili kabla ya hitima yake. Mtu wa ghala, aliyemsomesha yeye kuwa mchele huu haukai, ndiye aliyeujaza kikombe kwa kikombe kule kibandani, akijua utaoza, kwa sababu kutupa nafaka ni dhambi na pipa la taka mkewe hulikagua! Akauwekea weupe juu, endapo mkewe atachungulia! Akauita wa siku ya dhiki! Halafu, katikati ya neno, Kijakazi akasita. Akakumbuka panya.

Panya yule alikuja majira yale yale ya sukari. Kila Ijumaa Kijakazi akiupima mchele wake mweupe kwa kibaba, aliukuta umepungua. Alitafuta tundu, asione. Alinunua mitego mitatu, na Vuai ndiye aliyeitega, kwa jibini, akipiga magoti sakafuni na kusema kwa uzito wa imamu kwamba panya wa Birmingham ni mjanja, anakula bila ya kuacha hata kinyesi. Mitego haikunasa kitu. Na mwezi ule Vuai alipofariki, mchele ukaacha kupungua. Kijakazi alidhani panya kahama kwa sababu nyumba imeingia huzuni.

"Panya," akasema.

"Panya gani?" Charity akauliza, akitazama miguu yake.

Kijakazi alikuwa ameshika ukingo wa debe, mabega yanamcheza, na Aida aliinama haraka akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, yale ya miaka sita, na safari hii aliyajua yametoka saa ngapi.

"Alikuwa anakula," akamwambia binti yake. "Kila siku nikienda kazini, baba yako alikuwa anakula wali mweupe. Mimi nalia miaka yote hii kuwa nilimlisha makapi, na mwenyewe kafa kashiba!"

Charity, ambaye kazi yake ni kuwakemea wagonjwa wa sukari kutwa nzima, mara hii aliketi sakafuni kando ya ule mchele, akamshika Kijakazi mkono.

Jumapili walisoma hitima, juzuu kwa juzuu, sebule nzima na ngazi zimejaa watu, viatu mpaka barabarani. Mchele uliopikwa ulikuwa wa juzi, kutoka gunia la dukani. Akiba ya Vuai iliondoka kwenye mifuko mitatu myeusi, na Kijakazi aliifunga mwenyewe. Makopo yaliyobaki stoo aliwagawia wageni, kila mmoja akaelezwa tarehe yake. Alikula sahani mbili za pilau. Baada ya wageni kuondoka aliingia stoo tupu, akaketi juu ya mbuzi, akafumba macho. Vuai akaja. Safari hii Kijakazi hakumwuliza kama amekula. Alimtazama tu, naye Vuai akajifuta mdomo kwa mkono wa koti.

Wiki iliyofuata, kwenye fleti ya Edgbaston, Kijakazi alijaza lile kabati dogo: dengu nyuma, samaki wa kopo mbele, chumvi juu. Akaupima mchele mweupe kwa kibaba chake, akauandikia mwezi na mwaka. Kisha akachota kikombe kimoja zaidi, akakimimina juu bila ya kukihesabu.

"Mama, umeshapima already," Aida alisema. "Na hicho ni cha nani?"

"Cha panya," Kijakazi akajibu, akafunga kabati.