Jivu la Karabai

Baba yangu alikuwa mtu wa kutaka kuona. Mshenga kutoka Tindiga alipoleta posa yangu nyumbani kwetu Kilosa, baba alisema hamjibu mshenga. Mwanamume aje mwenyewe jioni, atazamwe chini ya karabai. "Simtoi binti yangu kwa mtu nisiyemwona sura," alisema. Mimi nilikuwa nimeshamwona vya kutosha, ila hakuna aliyeniuliza.

Karabai yenyewe ilikuwa imening'inia miaka bila kazi, maana vile vifuko vya uzi vinavyofungwa ndani yake vilikuwa vimeadimika. Ndipo ikaja ruksa ya kuagiza vitu nje, maduka ya Mikumi yakajaa bidhaa, na baba akarudi na kifuko kimoja, kakibeba kama yai. Siku ya wageni, mchana, alikifunga akakiunguza, kama inavyotakiwa. Uzi huteketea, na ile dawa ya madini adimu iliyochovywa humo hubaki jivu jeupe lenye vitundu. Jivu hilo likipata joto ndilo linalong'aa kupita moto wenyewe. Likiguswa tu, kwisha habari.

Shangazi, dada yake baba, hayo hakuyajua. Yeye alikuwa na ugonjwa wa usafi. Wageni wakitajwa, hata kuku walijificha. Alifungua karabai, akakuta jivu, akalifuta kwa kitambaa. Kisha akamwita kaka yake aje ashukuru.

Baba alikichukua kile kitambaa, akakikung'uta jivu, nami nikaogopa. Nilimjua: angeweza kuwarudisha watu Tindiga bila jibu. Nikamwomba Mungu, tena kwa sauti.

Wageni walipoingia kulikuwa na kibatari tu mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea hapa."

Baba alikinyanyua kibatari, akakipeleka usoni kwa mchumba wangu hadi nikazihofia nyusi zake. Mwenzangu hakurudi nyuma hata kidogo. Alimtazama baba, na machozi yakamtoka.

"Unalia nini?"

"Moshi, mzee."

Baba akamgeukia shangazi. "Huyu analia kabla hajanyimwa. Tukimnyima, utambembeleza wewe?" Watu wakaangua kicheko, na posa ikapokewa.

Hadi leo mume wangu anashikilia kwamba ulikuwa moshi, nami humwacha aseme. Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile, na niliona vizuri: upepo wa dirishani ulikuwa ukiupeleka moshi wote kwa baba.