Mama Anderson Anarudi Kitangari

Mimi ni dereva, na dereva wa mradi huwajua wataalamu kuliko hata wenzi wao wanavyowajua. Wapo ambao ukiwafikisha shambani hushusha kioo, huuliza maswali mawili matatu wakiwa wamekaa, hupandisha kioo, na kesho yake wanaandika ripoti ndefu. Wapo wanaopiga picha viatu vyao vikiwa na vumbi ili bosi aone kwamba walikwenda. Nimewabeba wote, na sitawataja majina, maana mshahara bado nauhitaji. Lakini huyu mmoja nitamtaja, na nitamsifu mpaka mchoke. Anaitwa Dorika, mtafiti wa magonjwa ya mikorosho, mzaliwa wa Chiwata. Sisi wote pale ofisini Masasi tunamwita Mama Anderson.

Mama Anderson amesoma, na maabara anaijua kama mtu anavyojua jiko lake. Ila kazi yake anaifanya kwa kupiga hodi. Jambo ambalo mwenzake angelimaliza kwa simu huku anakunywa chai, yeye atataka gari, tupande mlima mpaka Newala, tukamuulize mtu ana kwa ana. Na akifika hasemi lililomleta. Anasalimia nyumba nzima, anauliza habari za mgonjwa, habari za mbaazi, habari za binti aliyeolewa Nanganga. Akikuta watu wanamenya muhogo, naye anavuta kigoda anamenya. Mimi niko kwenye gari, njaa inaniuma, nanung'unika peke yangu.

Halafu anaaga. Na hapo ndipo nilipochelewa kumuelewa. Huku kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake, lazima asindikizwe, na maneno ya kweli watu huyasema njiani, wakati wa kusindikizana. Mwenye nyumba amekaa naye saa nzima bila kutaja mkorosho hata mmoja, lakini wakifika kwenye kona ya njia atasimama na kusema, "Ile ya kule bondeni nayo, Mama Anderson, imeanza kukauka upande mmoja." Hapo ndipo Mama Anderson hupata utafiti wake, akiwa amesimama barabarani na kanga mkononi.

Mtu aliyemtembelea kuliko wote alikuwa mzee Alfredi wa Kitangari. Shamba la mzee huyu liliingiwa na mnyauko, ugonjwa ule unaokausha mkorosho ukiwa umesimama, na mti baada ya mti ukafa. Mmoja tu, katikati kabisa ya shamba, ulibaki kijani na kuzaa. Mama Anderson alipouona hakulala. Mnyauko unawamaliza wakulima wetu, na kama mti ule una kinga ya asili, basi vikonyo vyake, yaani vile vichipukizi vinavyobebeshwa kwenye miche, vingeweza kuzaa mashamba mapya yasiyokauka. Lakini yeye si mtu wa papara. Alitaka kwanza ahakikishe kwamba si bahati tu, kwa hiyo alikwenda msimu baada ya msimu kuuangalia, na kila alipokwenda alikaa na mzee wakala pamoja. Mzee akawa anamwita mwanangu.

Alipokuwa tayari kuchukua vikonyo, akaitwa Morogoro kumalizia masomo. Aliondoka akisisitiza ofisini, "Mzee Alfredi msimwache. Mwende mkamtazame." Wakamwitikia. Na kweli walimtazama, kwa simu. Bosi wetu, Bwana Humphrey, si mtu mbaya, ni mtu wa kaskazini anayependa mambo yaende haraka, na aliamini kwamba kundi la WhatsApp la wakulima linatosha. Mimi na gari tulipelekwa kazi nyingine huko Nanyumbu. Mzee akaugua, akafariki, na ofisi ikatuma ujumbe wa pole kwenye simu ya mjane. Hakuna aliyekwenda kuzika.

Baada ya msiba Bwana Humphrey akakumbuka vikonyo. Akampigia mjane, Mama Yuliana, akaomba ruhusa, akapewa. Akafurahi, akatuma vijana na visu. Ndipo lilipotokea kosa ambalo mtu wa hapa asingelifanya. Katika ukoo wa mzee Alfredi mambo yanafuata upande wa mama, na mzee alipofariki shamba lilirudi kwa watu wa tumbo la mama yake. Mkubwa wao ni dada yake, Bi Agatha, jirani wa pale pale. Mama Yuliana alisema ndiyo kwa adabu tu, maana hakuwa na mamlaka ya kukubali wala ya kukataa. Vijana walipoingia shambani, Bi Agatha aliwatoa na panga mkononi, na simu ya Bwana Humphrey hakuipokea tena. Zikaja habari kwamba anataka kufyeka shamba lote apande ufuta.

Hali ilikuwa hiyo Mama Anderson aliporudi. Alipoambiwa, hakumgombeza mtu. Aliniambia tu, "Baba Faidha, kesho twende Kitangari."

Alikwenda kwanza kaburini, kisha ndiyo akaenda nyumbani kwa Bi Agatha. Tulimkuta ukumbini anachagua kunde kwenye ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Ikaishia hapo. Hakuna karibu, hakuna kigoda, hakuna maji, na mtu wa Kitangari akikunyima hata maji ya kunywa ujue ameamua. Mama Anderson akakaa chini kwenye udongo na kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya msiba yenyewe. Bi Agatha aliendelea na kunde zake. Tulipoaga hakuinuka kutusindikiza, tukarudi garini wawili peke yetu na majirani wanatutazama. Niliona aibu, nisiwafiche.

Wiki iliyofuata tukarudi. Safari hii Bi Agatha alikuwa na la kusema, na alilisema amesimama.

"Kaka yangu aliumwa akikungoja wewe. Kila gari likinguruma barabarani anainua kichwa, anasema, huyo Mama Anderson. Nikimwambia, kaka, wale ni watu wa mti, si watu wako, tunagombana. Amekufa ameangalia mlango."

Mama Anderson aliinamisha kichwa.

"Na kama ni mti mmefuata, mti haupo. Nimeukata, nimechoma mkaa. Nendeni salama."

Jamani! Nyuma ya nyumba, upande wa shamba, moshi ulikuwa unapanda. Nilimtazama Mama Anderson nikijua kwamba miaka yake yote ya kazi ndiyo ile inayopepea juu ya mapaa, na pamoja nayo matumaini ya kila mkulima ambaye mikorosho yake inakauka kuanzia Masasi mpaka huku juu. Nilitegemea apige kelele. Mimi ningepiga.

Yeye akauliza, "Shangazi, siku zile za mwisho, baba alikuwa anaweza kula?"

Bi Agatha akatoa macho. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa swali hilo. Akajibu taratibu kwamba alikuwa anakunywa uji wa mtama, mwepesi, na mara moja aliomba bibo, tunda la mkorosho, na haukuwa msimu wake. Wakaongea hivyo kidogo, uji, dawa, nani alimgeuza kitandani. Lakini kusindikiza hakutusindikiza.

Garini nikamwambia, "Mama Anderson, tuzungukie njia ya nyuma tukachungulie. Huenda anatutisha tu."

Alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Mwenye shamba amesema umekatwa. Mimi nikamhakiki kwa kunyemelea? Washa gari."

Nikawasha. Alilia kuanzia Kitangari mpaka tumeipita Newala mjini, na mimi sikufungua redio.

Bwana Humphrey alipopata habari alimpa pole ya kweli, halafu akafunga faili. "Tutafute mti mwingine," alisema. "Kitangari sasa hakuna kazi, na mafuta ya gari ni ya kazi." Kwa upande wake alikuwa sahihi, na usahihi huo ulinikera.

Jumamosi moja asubuhi Mama Anderson akaja nyumbani kwangu na mfuko wenye sukari na sabuni. Alitaka nimpeleke Kitangari kwa pikipiki yangu.

"Kufanya nini? Mti si haupo?"

"Shangazi yupo."

"Atatufukuza."

"Basi atatufukuza tukiwa tumeshamsalimia."

Mke wangu alicheka ndani, na mimi nikavaa koti huku nasonya. Pikipiki si gari. Mlima ulitupiga upepo na vumbi, na tulipofika meno yangu yalikuwa na mchanga. Bi Agatha alikuwa anaanika makopa uani, mihogo iliyomenywa imejaa beseni kubwa. Alituona, akaweka mikono kiunoni.

"Mama Anderson. Nilikwambia mti haupo. Umesahau nini hapa?"

"Sijasahau kitu, shangazi. Nimekuja kukuona."

"Kuniona mimi?"

"Wewe."

"Ofisi imekutuma?"

"Ofisi imeninyima gari."

Bi Agatha aliniangalia mimi na pikipiki yangu na vumbi langu, na naapa niliona mdomo ukimcheza. Hakusema karibu, ila alisogeza beseni kidogo, na Mama Anderson akalielewa hilo. Alikaa, akaanza kuanika. Mimi nikapewa madumu nikateke maji kwenye kisima cha maji ya mvua, kana kwamba nilizaliwa kwa ajili hiyo. Walifanya kazi muda mrefu bila maneno, kisha kwa maneno machache, kisha nikasikia Bi Agatha anasimulia jinsi Alfredi alivyokuwa mtoto, alivyoanguka kutoka juu ya mkorosho akajifanya hajaumia. Mama Anderson akacheka mpaka akajifuta macho. Hakuuliza kitu hata kimoja kuhusu shamba. Nilikuwa namsikiliza kwa makusudi, na hakuuliza.

Tukapewa ugali wa muhogo na kisamvu. Tukapewa maji. Jua lilipoanza kupungua ukali Mama Anderson akaaga, akafunga kanga yake, akasema atakuja tena akipata nafasi.

Bi Agatha akainuka, akavuta kitenge begani.

"Ngojeni niwasindikize."

Niliposhika pikipiki yangu kuelekea barabarani, akaniambia niiache. Hakuelekea barabarani. Alishika njia ya nyuma ya nyumba, na sisi nyuma yake, tukapita katikati ya visiki vyeusi na majivu, shamba lote limefyekwa kweli, mikorosho mikavu yote imekwenda. Mama Anderson alikuwa anatembea anaangalia chini. Mimi ndiye niliyeuona kwanza.

Mti ulikuwa umesimama. Katikati ya weusi wote ule, kijani, umeanza kutoa maua, na kuzunguka shina lake nyasi zimepaliliwa ili moto usiufikie.

Mama Anderson alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Mti sikuukata," Bi Agatha alisema. "Kaka alisema wewe ni mtu wake. Mimi nikasema ni mtu wa mti. Tulibishana hivyo mpaka anakata roho. Nikasema nitaona. Ikiwa mti haupo, je, atakuja?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Mama Anderson.

"Haya, kata," Bi Agatha akasema kwa ukali, ukali wa mtu anayejizuia. "Kata hivyo vikonyo vyako. Si ndivyo ulivyokuwa unavitaka?"

Mama Anderson akaangalia mikono yake. Akanitazama mimi, mimi nikatazama pembeni, maana nilijua alichobeba asubuhi ile na alichokiacha. Alikuwa na kanga, na mfuko mtupu uliokuwa na sukari na sabuni.

"Sikuja na kisu, shangazi," alisema.

Bi Agatha alimtazama kwa muda mrefu. Yule mama ambaye watu wa Kitangari walikuwa wakisema hakutoa chozi kaburini akajiachia taratibu mpaka akakaa chini, akaegemea shina la mkorosho wa kaka yake, na kuanza kulia. Mama Anderson akakaa pembeni yake, akamshika mkono.

"Amekuja," Bi Agatha alikuwa akisema, akiupigapiga mti kwa kiganja. "Kaka, amekuja. Huyu hapa, amekuja."