Pete Iliyokaa Mahali pa Mtamba Wangu

Vijana mtakaosoma haya, msije mkasema bibi huyu hapendi mambo mapya. Jiwe halijanikosea kitu. Aliyenikosea nimemlea mimi.

Mjukuu wangu alipoposwa na kijana anayepeleka watalii kreta kuona wanyama, kwenye mahari kulikuwa na mtamba wangu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kupewa mimi niliyemlea binti. Kwetu Endabash mtamba huyo hakosekani. Ukame ulikuwa umenimalizia ng'ombe, nikawa namngojea huyo nipate tena maziwa ya kwangu.

Siku ya wazee wa kijana kuja kupanga mahari, mjukuu akaniita nyuma ya jiko, akanionyesha pete.

"Almasi hii bibi, imechimbwa. Ameuza mpaka pikipiki. Ukimdai na mtamba utammaliza."

Ng'ombe namkagua mwenyewe: meno, chuchu, mwendo. Jiwe ningelikagua wapi? Nikamwangalia yeye usoni, nikaona mtoto wangu. Nikasimama mbele ya wazee, nikasema mtamba nimesamehe. Neno la pale halirudishwi.

Baada ya harusi pete ikawa inampwaya. Tukaenda duka la vito Karatu mjini. Mama wa duka akaitazama kwa kioo chake.

"Hizi za maabara siku hizi wanazitoa nzuri!"

"Za maabara ndiyo nini?"

"Zinakuzwa kwenye mashine, mama. Ni almasi kweli, siyo chupa. Ila ni nafuu, ndiyo maana vijana wanazikimbilia."

Mjukuu wangu akatazama viatu vyake. Tulipotoka nje nikamuuliza, "Ulijua?"

"Niliichagua mwenyewe, bibi. Hakuna mtu anayefukiwa shimoni kwa ajili yake."

"Sababu nzuri. Mbona hukunipa hiyo?"

"Ungeng'ang'ania mtamba."

"Na pikipiki?"

"Ipo."

Angeniomba waziwazi tungegombana, tungeyamaliza, na pengine ningemwachia. Lakini alinifanya kama wauza vinyago wanavyomfanya mtalii, tena nyuma ya jiko langu, nilipokuwa nikimpa uji akiwa mdogo.

Jumapili iliyofuata mjukuu na mumewe wakapiga simu kwamba wanakuja kusalimia. Mke wa mwanangu akachukua kidumu aende kuomba maziwa kwa jirani, maana mgeni kwetu hanyweshwi chai tupu. Nikamsimamisha mlangoni, nikawaambia wote waliokuwepo:

"Rudisheni hicho kidumu. Wakija wapeni chai ya rangi, na asiwepo wa kuwaomba radhi."